Pamba ndani ya kopo la dawa

Mwanamke wa kwanza kuniomba pamba nilidhani ana kidonda. Ilikuwa mwaka 2010, wiki yangu ya tatu kazini katika kliniki moja ya kijijini huko Lubombo, ukanda wa joto na miwa mashariki mwa Eswatini, nchi ambayo wakati huo bado ikiitwa Swaziland. Nilikuwa nimemhesabia vidonge vyake vya mwezi, vya kufubaza virusi vya ukimwi, nikavitia kwenye kopo la plastiki, nikafunga kifuniko na kumkabidhi. Akaliweka karibu na sikio akalitikisa. Vidonge vikalia kachakacha, kama njugu kavu.

"Nesi," akasema, neno lilelile la kwetu, kisha akanionyesha bunda la pamba lililokuwa mezani.

Nikampa. Akachana kipande, akakishindilia juu ya vidonge kwa kidole gumba, akafunga, akatikisa tena. Kimya. Halafu akaanza kubandua lebo kwa ukucha, polepole, kuanzia pembeni, hata jina lake lote likatoka. Akaifinyanga lebo ikawa kidonge kidogo cha karatasi, akakitupa kwenye ndoo yangu ya taka, akaondoka.

Muuguzi mwenzangu, mama wa makamo niliyekuwa nikimwita Make, yaani mama, ndiye aliyenieleza. Ndani ya kombi, yaani daladala za kule, kila abiria anaujua mlio ule. Ukipanda na kopo linalolia, utakaposhuka kijiji kizima kimeshajua. Na kuliko abiria wote, anayeujua zaidi ni mama mkwe wako.

Nimelikumbuka kopo lile kwa sababu hivi karibuni hapa Bukoba kijana mmoja kwenye semina ya kanisani alisimama akaniuliza: "Dada, wale ndugu zetu wa kusini mbona wanaisha hivyo? Ni uzinzi?" Hakuuliza kwa ubaya. Nilimjibu kwa dakika mbili, na jibu langu lilikuwa bovu. Nilikaa kule miaka sita. Anastahili jibu refu kuliko lile.

Nianze na nyumbani. Nimezaliwa Kagera mwaka 1979. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Watu wetu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa mpakani kutoka Uganda na wafanyabiashara. Kufikia mwaka 1987, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Bukoba mjini alikuwa na virusi. Sisi watoto hatukuwa na takwimu hizo. Tulichokijua ni kwamba mwalimu wa hesabu hakurudi, kwamba nyumba ya jirani imefungwa kwa ubao, na kwamba bibi kila wiki anakwenda matanga.

Baba alifariki mwaka 1990. Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao, kibanja kikapelekwa kwa baba mdogo, na mama akaambiwa anaweza kubaki iwapo atakubali kurithiwa. Akakataa. Tukarudi kwao, yeye na sisi watoto wawili na sufuria tatu, migomba tukaiacha. Alifariki mwaka 1992 nikiwa darasa la sita. Kwenye msiba wake nilimsikia mtu mzima, mtu wa heshima, akisema kwa sauti ya chini: alijitakia. Bibi, aliyemlea na kumwoza, aliniambia hadi siku zake za mwisho kwamba mwanawe alimjua mwanamume mmoja tu maishani.

Kwa hiyo nilipopata mkataba wa kwenda kusini nilikwenda na neno hilo kifuani. Alijitakia. Nilitaka kulijua vizuri.

Eswatini ni nchi ndogo. Kagera peke yake ni kubwa kuliko nchi hiyo nzima, yenye kilomita za mraba 17,364 na watu milioni moja na ushei. Lugha yao si ngeni sana kwa sikio la Kibantu. Watu ni bantfu, ng'ombe ni inkhomo, kula ni kudla. Kufa ni kufa, herufi kwa herufi, na hilo ndilo neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote mwezi wa kwanza. Maziko kule hufanyika alfajiri baada ya mkesha wa usiku kucha, na Jumamosi na Jumapili nikiamka mapema nilikuwa nasikia nyimbo kutoka pande mbili tatu za bonde kwa wakati mmoja.

Mwaka 1992, vipimo vya wajawazito kliniki vilikuta wenye virusi ni asilimia 3.9. Mwaka 2004 vikakuta asilimia 42.6. Miaka kumi na miwili tu. Utafiti wa kaya wa 2006 na 2007 ulipima nchi nzima: asilimia 26 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Ndani ya utafiti huohuo kuna kitu ambacho Make alinichorea kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Kwa wanawake, kilele kilikuwa miaka 25 hadi 29, na hapo karibu nusu yao walikuwa nao. Kwa wanaume, kilele kilikuwa miaka 35 hadi 39. Akachora vilima viwili, kimoja kimetangulia, kingine kinafuata nyuma kwa miaka kumi.

"Sasa angalia," akasema. "Msichana wa miaka ishirini hapati kwa mvulana wa miaka ishirini. Mvulana huyo hana kitu na hana virusi. Anapata kwa mwenye mshahara."

Na mshahara uko wapi? Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la yule kijana limekaa vibaya. Mwaka 1907 Waingereza waliigawa ardhi ya nchi ile, wakawaachia Waswazi wenyewe takriban theluthi moja. Iliyobaki ikawa ya walowezi na makampuni. Ukimtoza mtu kodi huku umemnyima ardhi, atakwenda kutafuta fedha, na fedha ilikuwa katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vizazi kwa vizazi wanaume walivuka mpaka, wakalala kwenye mabweni ya wanaume watupu, wakarudi Pasaka na Krismasi. Wasiokwenda mgodini walikwenda kwenye mashamba ya miwa ya Simunye, Mhlume na Big Bend, na miaka ya baadaye wasichana wakaenda kushona nguo kwenye viwanda vya Matsapha, kwa ujira ambao ukitoa kodi ya chumba na nauli unabaki na unga. Kumtenga mume na mke miezi kumi kwa mwaka si mila ya kabila lolote. Lakini mtu akiandika habari za ukimwi wa kule, mara nyingi ukurasa wa kwanza unaanza na mila.

Mila zipo, sizifichi. Kuna sitsembu, ndoa ya wake wengi. Kuna lisoka, kijana anayesifiwa kwa kuwa na wasichana wengi. Kwa msichana hakuna neno la sifa la namna hiyo. Kuna inhlanti, mdogo wa bibi harusi anayepelekwa naye ili kama dada hazai, yeye azae. Hii ya mwisho siku zangu ilikuwa imefifia sana. Na kuna makhwapheni. Neno hili lilinichekesha mara ya kwanza kwa sababu ndani yake kuna kwapa, kwapa hilihili letu: mpenzi wa siri, unayemficha kwapani. Kwetu tungesema mchepuko au nyumba ndogo. Mwaka 2006, baraza la taifa la kupambana na ukimwi lilifanya kampeni ya mabango yaliyosema Makhwapheni Uyabulala, yaani mchepuko unaua. Watu wote waliikariri. Waliokuwa wakiishi na virusi wakaja juu, kwa sababu tangu siku ile kila anayekunywa vidonge akaonekana ni makhwapheni wa mtu fulani. Make alikuwa mmoja wa waliokasirika. Mume wake alifariki mwaka 1998. Hakuwahi kuwa kwapani mwa mtu.

Ninasema haya kwa sababu wanawake niliowahudumia, wengi wao sana, walikuwa wamefanya kila walichofundishwa. Waliolewa kwa taratibu zote. Alfajiri ile wakaingizwa zizini wakiimba na kulia, wakapakwa libovu, udongo mwekundu, ambao ukishakugusa umekwisha kuwa mke na hakuna wa kukufuta. Ng'ombe za mahari zimehesabiwa, pamoja na yule anayeitwa insulamnyembeti, wa kufuta machozi ya mama mzazi. Mwanamke mmoja nilimshauri atumie kondomu na mumewe akirudi kutoka mgodini. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni.

"Ng'ombe wako zizini kwa baba yangu," akasema. "Nimwambie avae ili nini? Ataniuliza nimejifunzia wapi."

Sasa nieleze kosa langu mimi, maana nalo ni sehemu ya jibu.

Tulifundishwa kwamba mjamzito akipimwa na kukutwa na virusi, umshauri amshirikishe mwenzake, waje wote. Ni ushauri mzuri. Nimeutoa mara mia. Mwezi Machi mwaka 2011 nilimpa dada mmoja wa miaka 24, mimba ya pili, mume akifanya kazi upande wa pili wa mpaka. Aliniambia anaogopa. Nikamtia moyo. Nikamwambia siri inaua, mapenzi ya kweli yanavumilia, nikatumia maneno yote mazuri niliyokuwa nayo. Akasema sawa, nitajaribu Pasaka.

Baada ya Pasaka alikuja akiwa na mfuko wa nguo na jicho la kushoto limefunga kabisa. Alikuwa amelala usiku mbili kwa jirani. Hakunilaumu, hata neno moja. Alikaa kwenye benchi, akatoa kadi yake, akangoja zamu yake kama wengine, na alipoketi mbele yangu akasema tu: "Anasema nimeuleta mimi."

Lazima nieleze hesabu ya maneno hayo, kwa sababu niliielewa siku ile tu, na mimi ni muuguzi. Mwanamke hupimwa kwanza kwa sababu yeye ndiye anayebeba mimba na kwenda kliniki. Mwanamume hajawahi kupimwa; kliniki anapita kwa mbali. Basi anayepimwa kwanza ndiye anayejulikana kwanza, na anayejulikana kwanza ndiye anayehesabiwa ameuleta. Haijalishi virusi vimeingia kwa mlango upi. Mama yangu naye, nafikiri, alihesabiwa hivyo: baba alikufa akiwa "amerogwa", mama akaja akafa kwa kujitakia.

Usiku ule sikulala. Tangu hapo, kabla sijamwambia mwanamke yeyote amshirikishe mume, nilikuwa namuuliza kwanza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote: nyumba unayolala ni ya nani? Kama ni yake, au ya mama yake, au anao ndugu watakaompokea, tulizungumza namna ya kusema. Kama ni ya mume na ukoo wa mume, tulianza na mahali pa kukimbilia kwanza, kisha mazungumzo. Make alisema swali hilo lingetakiwa kupigwa muhuri kwenye kila kadi.

Na majibu yalikuwa karibu yote ya aina moja. Hadi katiba ya mwaka 2005, mwanamke aliyeolewa kule alihesabika kisheria kama mtoto chini ya mume: hasaini mkataba mwenyewe, haandikishi mali. Mwaka wangu wa kwanza, 2010, nchi nzima ilikuwa ikizungumzia kesi ya Doo Aphane, mwanasheria aliyekataliwa kuandikisha nyumba kwa jina lake pamoja na mumewe, akaenda mahakamani akashinda. Nguvu ya mume kisheria juu ya mali ya mke ilikuja kutupwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, mimi nikiwa nimesharudi nyumbani. Kijijini lakini ardhi ni ya taifa, inagawiwa na chifu kwa utaratibu uitwao kukhonta, na kwa desturi anayekwenda kukhonta ni mwanamume. Mwanamke huja na mume, na kaka, na mwana wa kiume. Ukimya wa kitandani na ukimya wa kwenye baraza la chifu niliuona ni ukimya mmoja.

Tohara nitaigusa tu. Waswazi waliiacha katika karne ya 19, kama ambavyo sisi Wahaya nasi hatukuwa na jando. Kati ya 2005 na 2007 majaribio matatu, ya Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda, jirani zetu kabisa, yalionyesha kwamba inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa karibu asilimia 60. Mwaka 2011 serikali ikaanzisha kampeni kubwa, Soka Uncobe, tahiriwa ushinde, ikilenga zaidi ya wanaume laki moja. Waliojitokeza mwaka ule walikuwa takriban 11,000. Wanaume waliniuliza swali moja ambalo mabango hayakulijibu: kile kipande mnakipeleka wapi? Walihofia kitafika kwa mganga. Nilikuwa nawachukua hadi nyuma ya jengo kuwaonyesha tanuri la kuchomea taka. Wawili watatu walirudi baada ya kuliona.

Kuhusu wasichana, nilichonacho ni cha Make, maana yalitokea kabla sijafika. Mwaka 2001 mfalme alirudisha umcwasho, marufuku ya wasichana kukutana na wanaume kwa miaka mitano. Kila msichana alivaa vishada vya sufu, bluu na njano kwa wadogo, nyekundu na nyeusi kwa wakubwa, na faini ya mvunjaji ni ng'ombe mmoja. Mwaka uleule mfalme mwenyewe akachumbia msichana wa miaka 17, akatozwa ng'ombe mmoja. Agosti 2005 marufuku ikaondolewa mwaka mmoja kabla ya muda wake, vishada vikachomwa moto. Binti wa Make alikuwa amevivaa. Alichokumbuka ni joto la sufu shingoni na kwamba pesa yake ya nauli ya shule ilikuwa haijaongezeka. Mwanamume wa kumpa nauli alikuwa hajavaa kishada chochote. Baadaye, utafiti uliofanyika hukohuko ulionyesha kwamba wasichana waliopewa motisha ya fedha ili wabaki masomoni waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Nauli na ada. Hilo tu lilifanya kazi ambayo sufu haikufanya.

Nimefika kwa mjane, na kwake nitakaa kidogo.

Mwaka 2013 msichana wa miaka kumi na miwili alianza kuja na kadi ya mama yake kuchukua dawa. Kanuni haikuruhusu. Nikamuuliza mama yuko wapi; akasema amevaa inzilo. Inzilo ni nguo nyeusi za mjane, huvaliwa hadi miaka miwili. Mwanamume aliyefiwa na mke hakai nazo muda kama huo. Mjane mwenye inzilo mwanzoni hatoki, na akianza kutoka anakaa nyuma, nyuma ya kombi, nyuma ya mkutano, mbali na mifugo na mbali na wakubwa. Kliniki yetu ilikuwa kilomita kumi na moja. Nilimpa mtoto dawa. Nilifanya hivyo miezi mitatu, nikiandika kwenye daftari kana kwamba mama amekuja, na nikiulizwa leo nitajibu hivyohivyo.

Mwezi wa nne nilikwenda mwenyewe na mgcugcuteli, yule mhudumu wa afya wa kijiji. Hawa wanawake wanapita nyumba kwa nyumba tangu miaka ya sabini, na bila wao hakuna takwimu nzuri ningewatajia hapo chini. Tulimkuta mjane amekaa mkekani ndani ya kibanda cha bibi, ukutani kwa upande wa wanawake. Mama mkwe, gogo, alikuwa amekaa mlangoni akipura mahindi kwa mikono. Gogo kule ni bibi. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu alikuwa anazikimbiza punje.

Alinieleza kwa sauti ya kunong'ona. Ukoo unataka kungenwa: achukuliwe na shemeji yake, ili watoto na boma vibaki. Shemeji ana mke wake. Hakuna anayejua anatumia vidonge. Akikubali bila kusema, anaweza kumwambukiza shemeji, na shemeji mkewe. Akisema, atakuwa yeye ndiye aliyemuua mwana wa boma hilo. Akikataa, anaondoka, watoto wanabaki. Nilimsikiliza nikamwona mama yangu na sufuria tatu.

Tulidhani gogo hasikii. Aliacha mahindi, akasema bila kugeuka, na mgcugcuteli akanitafsiria baadaye njiani neno kwa neno:

"Hilo kopo lako nalisikia tangu mwanangu yu hai, kabla hujaanza kutia pamba. Langu nalo lina pamba."

Kikao cha ukoo kilipokaa, gogo alisema mwanamke huyu hatachukuliwa na mtu, yeye ndiye mwenye boma na bado hajafa. Hakueleza sababu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Naliweka hili hapa kwa ajili ya wale wanaodhani dawa ya mila mbaya ni kuwaita wazee washamba. Aliyemwokoa mjane yule hakuwa mimi wala semina. Alikuwa mkongwe aliyetumia cheo alichopewa na mila ileile.

Wanawake wa namna hiyo ndio walioigeuza nchi. Siphiwe Hlophe alipimwa mwaka 1999 alipokuwa anaomba ufadhili wa masomo. Akakutwa na virusi, ufadhili ukapotea, mume akaondoka. Mwaka 2001 yeye na wanawake wengine wanne wakaanzisha SWAPOL, shirika la wanawake wanaoishi na virusi, wakiwa na bustani za mboga, wakilea yatima, wakizungumza hadharani wakati hakuna aliyethubutu. Dawa za serikali zikaja, kisha tangu 2016 kila anayekutwa na virusi akaanza kupewa dawa bila kusubiri adhoofike. Mwaka 2020 nchi ile ndogo ikatangulia bara zima: asilimia 95 ya wenye virusi wanajua hali zao, asilimia 95 ya hao wanatumia dawa, asilimia 95 ya hao virusi vimefubaa. Virusi vikifubaa hadi kipimo kisivione, mtu hamwambukizi mwenzake. Waliotangulia walikuwa walewale wa kwenye swali la yule kijana, "wanaisha".

Gogo alifariki mwaka 2017. Boma likawa la shemeji, na mjane akaanza kuhangaikia kiwanja. Katiba inasema raia wote wana haki sawa kwenye ardhi. Chifu alimwambia arudi na mwanamume.

Mwaka 2024 alinitumia picha kwa WhatsApp: vyumba viwili vya matofali, bati jipya, mahindi yamefika kiunoni, na nyuma uzio wa miti ambao bado haujamalizika. Nikampigia palepale. Binti yule wa kadi sasa anafanya kazi dukani Siteki. Tulisalimiana weee, nikampa hongera, halafu nikamuuliza swali langu la zamani: na hii nyumba, ni ya nani?

Akacheka, akanyamaza kidogo.

"Ya mwanangu," akasema. "Karatasi ya chifu ina jina lake. Ana miaka 14. Kwa sasa ananisikiliza."